Kihisi Mwendo: Jina Moja, Vyombo Vitano, Betri Ngapi?

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea mijadala ya fasihi, ya sarufi na ya isimujamii. Huenda basi wakashangaa kukuta makala yanayozungumzia vifaa vidogo vya elektroniki, vile vinavyouzwa katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Wasishangae. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba istilahi isiyoeleza ukweli wa kitu humtia mtumiaji hasara ya fedha, na kwamba sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuiondoa hasara hiyo. Mfano nitakaoutumia ni chombo kiitwacho kihisi mwendo.

Chombo hiki si anasa ya wachache tena. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2019, wanafunzi wanatakiwa kubuni na kuunda vitu kwa mikono yao, na wazazi wanatakiwa kuwasaidia. Mfugaji anataka king'ora katika banda la kuku. Mwendeshaji bodaboda anataka kujua pikipiki yake inapoguswa usiku. Mwanafunzi anataka taa inayowaka yenyewe mtu anapoingia msalani. Wote hawa wana jambo moja linalowaunganisha: pale wanapotaka kukiweka kifaa hakuna soketi ya umeme, na hivyo hawana budi kutegemea betri. Wote pia hununua kwa shilingi mia chache walizonazo. Aidha, wote huzungumza Kiswahili na fundi na mwuzaji, ilhali maelezo ya kifaa chenyewe yameandikwa kwa Kiingereza au Kichina.

Tuanze na jina. Neno kihisi limeundwa vyema. Mzizi wake ni hisi, na kiambishi ki- kinakiweka chombo katika ngeli ya vitu. Wapo wanaopendelea kutohoa na kusema sensa, lakini neno hilo tayari lina kazi ya kuhesabu watu, na kulibebesha mzigo wa pili ni kumkanganya msikilizaji bila sababu. Kwa hivyo kihisi na kibaki. Tatizo liko katika neno la pili, yaani mwendo. Neno hili linataja kile anachokitaka mnunuzi, wala halitaji kile kinachohisiwa na chombo. Chini ya jina hili moja wamejificha ndugu watano wasiofanana kwa umbo, kwa tabia wala kwa ulafi wa betri.

Ndugu wa kwanza ni yule mwenye kifuniko cheupe cha plastiki chenye umbo la kuba. Mwili wa mwanadamu, sawa na kila kitu chenye joto, hutoa miali ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Kifuniko kile ni lenzi inayoligawa eneo la mbele katika vipande vingi. Mtu anapovuka kutoka kipande kimoja hadi kingine, joto linalokifikia kihisi hupanda na kushuka, na mabadiliko hayo ndiyo yanayozua ishara. Waama, chombo hiki hakihisi mwendo. Kinahisi joto linalopita. Mtu akisimama tuli, kinamsahau. Akipita nyuma ya kioo cha dirisha, hakimwoni, kwa kuwa kioo huizuia miali hiyo. Akikiendea moja kwa moja, kinachelewa kumtambua kuliko akikikata njia kwa upande. Adhuhuri ya Lodwar au Garissa, hewa na kuta zinapokaribia joto la mwili, uwezo wake hupungua kwa sababu tofauti ya joto ni ndogo. Na mfugaji anayekitundika ndani ya banda la kuku ajue kwamba kuku pia wana joto. Kila mmoja atakayejitikisa anaweza kukiamsha king'ora.

Ndugu wa pili hana kuba wala lenzi. Ni kibao kidogo kinachotoa mawimbi ya redio na kusikiliza yanavyorudi. Kitu kinaposogea, mawimbi yanayorejea huwa yamebadilika kidogo, na badiliko hilo, linalojulikana kama athari ya Doppler, ndilo ishara yenyewe. Huyu ndiye anayestahili kweli kuitwa kihisi mwendo. Joto la mchana halimsumbui, na anaweza kufichwa ndani ya sanduku la plastiki. Lakini mawimbi yake hupenya pia ukuta mwembamba na mlango wa mbao, hivi kwamba jirani akipita upande wa pili, taa yako inawaka.

Ndugu wa tatu ni akselerometa, kidude ambacho kimo katika kila simu ya kisasa. Hakitazami chumba wala barabara. Kinahisi jinsi chenyewe kinavyoinamishwa, kinavyosukumwa au kutikiswa. Kinamfaa mwendeshaji bodaboda, kwa kuwa hufungwa kwenye pikipiki yenyewe. Ndugu wa nne ni mnyonge kuliko wote kwa sura: bomba dogo lenye gololi ndani, au springi nyembamba iliyozunguka pini. Bomba likiinama au springi ikitikisika, nyaya mbili hugusana au huachana. Wa tano ni swichi ya sumaku, yaani kioo kidogo chenye vipande viwili vya chuma ambavyo hugusana sumaku inapokaribia. Swichi hufungwa kwenye fremu, sumaku kwenye mlango, na mlango ukifunguliwa habari hufika.

Sasa tazama yanayompata mnunuzi. Anaingia dukani na kuomba kihisi mwendo cha bei nafuu. Mwuzaji, ambaye hajakosea kwa lolote, anampa mmoja wa ndugu hawa. Bei zao hazipishani sana, na mnunuzi anaondoka akiamini kwamba amepata alichotaka. Gharama halisi imo ndani ya betri. Wahenga walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Kifaa cha betri hutumia sehemu kubwa mno ya maisha yake kikingoja, na katika kungoja huko kinachovya. Kiasi kinachochovywa wakati hakuna linalotokea napendekeza tukiite mkondo wa kungoja. Mnunuzi wa kihisi cha betri aulizie tarakimu hii kabla ya kuulizia bei.

Tuchukue hesabu. Betri nne ndogo za AA za alkali zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 6, na zina uwezo wa miliampea-saa 2000 hivi. Kibao cha mawimbi kinachopatikana kwa wingi, RCWL-0516, hula takriban miliampea 2.8 kikingoja. Gawanya 2000 kwa 2.8 utapata saa 714, yaani siku 30 hivi. Kwa mwaka mmoja, mfugaji huyu atanunua betri 48. Kihisi cha joto kiitwacho HC-SR501, chenye bei inayokaribiana na ya kibao hicho, hula mikroampea 65 hivi, yaani chini ya sehemu moja kwa arubaini ya kiasi kile. Hesabu ya karatasi inakipa zaidi ya miaka mitatu kwa betri zile zile nne. Ndugu yake mdogo, AM312, kwa kawaida hula kati ya mikroampea 10 na 20; kwa huyu betri zitakufa kwa uzee kabla ya kufa kwa kazi. Bei za dukani hazimwonyeshi mnunuzi tofauti hizi hata chembe.

Fauka ya hayo, volti nazo zina neno. HC-SR501 inataka volti 4.5 au zaidi. Betri tatu za AA huanza kwa volti 4.5 na kushuka siku hadi siku, kwa hivyo hazitoshi. Sharti ziwe nne. Betri moja ya lithiamu yenye volti 3.7 haiwezi kabisa bila kifaa cha kuipandisha, na kifaa hicho nacho kina mkondo wake wa kungoja. AM312 huridhika na volti 2.7 hadi 12, hivyo betri tatu, au moja ya lithiamu, zinatosha. Kasoro yake ni kwamba huona umbali wa mita 3 hadi 5, ilhali mkubwa wake hufikia mita 7 na ana vidude viwili vya kurekebishia wepesi wa kuhisi na muda wa ishara. Kwa mlango wa msalani, mita 3 zinatosha na kubaki. Kwa ua mpana, hazitoshi.

Akselerometa nazo zinapishana vikubwa. MPU-6050, ambayo ndiyo iliyozoeleka katika vibao vya bei nafuu, hula karibu miliampea 4 ikiwa sehemu zake zote zinafanya kazi; betri zetu za AA zingekwisha katika wiki tatu. LIS3DH, ikipangwa kupima mara moja kwa sekunde, hula mikroampea 2 tu. ADXL362 inaweza kungojea mtikisiko kwa chini ya mikroampea moja, ingawa bei yake iko juu. Mwanafunzi anayetaka kutumia betri ya kitufe ya CR2032, yenye miliampea-saa 220 hivi, hana nafasi ya kuchagua kwa bahati nasibu.

Na huyu mnyonge mwenye gololi? Swichi ikiwa wazi, mkondo wake ni sufuri. Hakuna kinachoshindana na sufuri. Lakini hapa pia pana mtego. Swichi ya springi huuzwa peke yake kwa bei ndogo mno, na huuzwa pia ikiwa imelehemiwa juu ya kibao chenye kilinganishi na taa ndogo ya LED inayowaka muda wote. Mnunuzi huvutwa na kibao kwa kuwa kinaonekana kamili zaidi. Taa ile na kilinganishi kile huweza kula miliampea kadhaa, na hivyo chombo kisichokula kitu kinageuzwa kuwa mlafi. Swichi tupu ni bora na ni rahisi zaidi. Ya sumaku nayo ina adabu zake: mlango ukiwa umefungwa, swichi ya kawaida huwa imegusana, na mkondo hupita katika kikinza kinachoishikilia. Kikinza kilichomo ndani ya mikrokontrola ya ATmega328P ni cha kiloomu 20 hadi 50. Kwa volti 3 kitapitisha mikroampea 60 hadi 150 usiku na mchana. Weka kikinza cha nje cha megaomu moja, na mkondo hushuka hadi mikroampea 3.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Kihisi hakifanyi kazi peke yake. Nyuma yake pana mikrokontrola. Kibao cha Arduino Uno kikiwa macho hula miliampea 50 hivi, na betri za AA zingeisha katika saa 40, hata kama kihisi kingekuwa kimefunga saumu. Mradi wa betri sharti uwe na mikrokontrola inayolala usingizi mzito na kuamshwa na kihisi. Hapo ndipo ishara za uongo zinapogeuka gharama. Tuseme kifaa kikiamka hutuma habari kwa Wi-Fi kwa sekunde 5 kikila miliampea 80. Kila kuamka ni miliampea-saa 0.11. Kikiamshwa mara 100 kwa siku, kwa sababu kuku wanajitikisa au jirani anapita nyuma ya ukuta, kinakula miliampea-saa 11 kila siku, na betri zinadumu miezi sita tu hata kama mkondo wa kungoja ungekuwa sufuri. Chombo kisichofaa mahali pake hula betri mara mbili: kikingoja na kikidanganya.

Kutokana na hayo, uchaguzi unaweza kufupishwa katika maswali matatu, na yaulizwe kwa mpangilio huu. Kwanza, ni nini hasa kitakachobadilika: joto la mtu apitaye, kitu chochote kisogeacho, chombo chenyewe kitikiswacho, au mlango ufunguliwao? Pili, chombo kitakula kiasi gani kikingoja? Tatu, kinataka volti ngapi, na je, betri nilizonazo zitazifikia hata zikichakaa? Bei ya dukani iwe swali la nne. Kwa mfugaji wetu, jibu la swali la kwanza linamaliza kesi: mwizi wa kuku hupitia mlangoni, na mlango unataka swichi ya sumaku, ambayo ni miongoni mwa vyombo vya bei ya chini kabisa katika orodha hii.

Hapa ndipo ninaporudi kwa wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu. Swali la kwanza kati ya haya matatu ni swali la lugha. Mnunuzi angekuwa na majina matano, angeuliza swali hilo kwa kutamka jina tu. Kwa kuwa ana jina moja, anauziwa chochote. Napendekeza basi kwamba jina kihisi mwendo libaki kuwa jina la jumla, kama neno ndege linavyowajumuisha kunguru na mbuni, lakini kila ndugu apewe jina litokanalo na kazi yake. Yule wa kuba na aitwe kihisi cha joto lipitalo. Tusimwite kihisi joto, kwa sababu hilo litachukuliwa kuwa la chombo kinachopima kiwango cha joto, na tutakuwa tumezua mkanganyo mpya. Yule wa mawimbi na aitwe kihisi cha mwangwi wa redio, ili atofautiane na yule atumiaye mwangwi wa sauti kupima umbali. Akselerometa inaweza kubaki ilivyo, au iitwe kihisi mchapuko kwa kufuata istilahi ya fizikia. Walio wanyonge waitwe swichi gololi, swichi springi na swichi sumaku. Mwuzaji akisikia neno swichi atajua kwamba hakitakiwi kibao chenye taa.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Kuna watakaosema kwamba kazi hii ni ya kitivo cha uhandisi. Ni kweli kwamba mhandisi anakijua chombo kuliko sisi. Hata hivyo, yeye amefunzwa kwa Kiingereza na hana haja ya jina la Kiswahili. Mwenye haja ni mfugaji, na mwenye ujuzi wa kuunda jina ni mwanaisimu. Wahandisi wakiachiwa peke yao, tutapata orodha ya maneno yaliyotoholewa bila kueleza lolote. Wanaisimu wakiachiwa peke yao, tutapata majina mazuri ya vitu ambavyo waliyoyaunda hawajawahi kuvishika.

Kuna pia watakaosema kwamba istilahi zimekwisha kuundwa na taasisi kubwa na hakuna aliyezitumia. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hizo ni hazina, na neno mchapuko lenyewe limetoka huko. Kilichopungua si maneno. Kilichopungua ni maandishi ya kazi yanayoyabeba maneno hayo hadi mezani pa fundi. Kamusi humpa mtu jina la kitu. Haimwambii anunue kipi. Istilahi huishi pale inapomwokolea mtu shilingi, na hufa pale inapokaririwa kwa ajili ya mtihani.

Kwa hivyo pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo na linatekelezeka. Kila mwaka chama kichague chombo kimoja kinachotumiwa na watu wa kawaida: mwaka huu vihisi, mwakani labda paneli za jua au betri zenyewe. Wanafunzi wawili wa Kiswahili wakae na wanafunzi wawili wa uhandisi, wakishike chombo, wakipime kwa mita, kisha waandike kijitabu cha kurasa nne kwa Kiswahili sanifu kisicho na madoido. Kabla ya kuchapishwa, majina yote yapelekwe kwa mafundi na wauzaji. Jaribio liwe moja tu: mwuzaji akilisikia jina kwa mara ya kwanza na kuelezwa kwa sentensi moja, je, siku ya pili atatoa chombo sahihi? Akitoa, jina limefuzu. Asipotoa, tulirekebishe sisi, wala tusimlaumu yeye.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tumeishangilia hadhi hiyo katika makongamano mengi. Lakini lugha rasmi ambayo mwananchi hawezi kuitumia kuchagua kihisi cha banda lake la kuku bado ina deni, na wadaiwa ni sisi tulioifanya kuwa taaluma. Betri 48 kwa mwaka ni sehemu ya deni hilo. Tukianza na majina matano ya kweli, tutakuwa tumelipa kidogo.